Kesi ya Mto

Jumanne, 3 Juni

Msimamizi ameacha kazi. Amehamia kwa mwanawe wa kwanza, ametuachia salamu na kiti. Kiti chenyewe ni kile cha magurudumu, kinazunguka, na kiko nyuma ya mlango wenye kitasa. Mimi nina stoo, na mlango wa stoo ni pazia. Tangu asubuhi nimepita mbele ya kiti kile kuliko haja. Leo ndiyo naanza shajara hii, maana mtu akishapanda cheo watu huuliza alianzaje.

Wanaotajwa ni wawili. Mimi, karani wa stoo. Na Mkasi, mkata vitambaa wetu, ambaye ukimwita kwa jina lake la kuzaliwa haitiki. Mkasi ni mpole, anakata bila kupima na vipande havipishani. Tatizo lake hana mipango. Mimi ninayo.

Bosi ni dada wa mke wangu. Nyumbani namwita shemeji, kazini Bosi, na nikisahau ananikumbusha mbele za watu. Karakana ni yake. Tunashona shuka, mapazia na foronya, tunazitia rangi wenyewe huko nyuma, na maji ya rangi yanajiendea mtoni. Amesema ataangalia kazi ya kila mmoja wetu ndipo aamue. Ataangalia kazi! Huko ni kumpendelea Mkasi waziwazi.

Mchana nilikuwa nyuma ya pazia langu nikamsikia akiongea na simu kwa Kiingereza. Kiingereza nakijua, kinachonisumbua ni maneno. Lakini neno moja halikuhitaji mkalimani. Kesi. Kesi hizi, kesi zile, kesi kubwa, kesi ngapi. Na mbele yake mara kwa mara neno jingine: pilo. Pilo kesi. Nikachungulia. Alikuwa anajifuta jasho. Mjomba wangu aliwahi kuwa na kesi ya ua na jirani yake. Ua ulioza wote, kesi ikabaki. Naujua uso wa mtu mwenye kesi.

Kumuuliza mtu maana ya pilo haiwezekani. Karakana nzima inajua kwamba mimi ni mtu wa Kiingereza. Nimewatangazia mwenyewe.

Jumatano, 4 Juni

Nimegundua!

Baada ya kazi nilijilaza kitandani, kichwa nimekiegemeza kwenye mto, simu mkononi. Nikaandika pilo. Simu ikaniuliza kama nilikusudia neno jingine linalofanana na hilo, nikakubali kwa niaba yangu na yake. Jibu likaja, neno moja tu: mto.

Nikainuka nikakaa. Kesi ya mto. Yote yakajipanga. Mto unaopita nyuma ya karakana unakuwa bluu siku ya shuka za bluu, na siku ya mapazia unakuwa mwekundu mpaka darajani. Bata weupe wa jirani sasa ni wa kijani, na jirani ameacha kutusalimia. Ameshtaki. Pengine wameshtaki wengi, ndiyo maana Bosi alikuwa anauliza kesi ngapi.

Mke wangu akauliza mbona nacheka peke yangu. Nikamuuliza kwa kuzungukazunguka kama dada yake ana tatizo lolote la mto. Akasema kama nina swali nikamuulize mwenyewe, mdomo ninao. Kisha akauvuta mto wangu, akaupigapiga ukavimba, akanirudishia. Alisema nikiulalia ulivyokuwa shingo itaniuma. Sikuwa na nafasi ya mambo madogo kama hayo.

Mpango ni huu. Kesi ikimwangusha Bosi, karakana itahitaji mtu safi, mtu aliyesema mapema. Huyo ni mimi. Pia itabidi kuwe na mtu mchafu, na huyo namtafutia nafasi kesho.

Alhamisi, 5 Juni

Nimetega sikio vizuri zaidi. Bosi amemwambia mtu wa simu kwamba kesi zote zitafungwa vizuri mwishoni. Tena akasema kesi nyeupe zitatangulia. Sikujua kama kesi zina rangi, ila kwa karakana yetu lolote linawezekana. Mwisho akasema jasti in kesi. Nikaitafuta jasti kwenye simu: -a haki. Haki ndani ya kesi. Maskini, anaomba haki. Nilimwonea huruma, maana ni shemeji yangu, na ndiye aliyenipa kazi wakati nilikuwa sina hata ya kusingizia. Huruma ilidumu mpaka nilipopita tena mbele ya kile kiti.

Kubwa zaidi: mtu huyo wa simu anakuja Jumatatu kuziona kesi kwa macho yake. Bila shaka ni mpelelezi.

Nikamfuata Mkasi kwenye meza yake nikamvisha kilemba cha ukoka. Nikamwambia Bosi anatafuta mtu wa kusimamia mfereji wa maji machafu, kazi ya heshima, na kwamba mimi binafsi nampigia debe. Nia yangu ni kwamba siku mambo yatakapoharibika, jina la kwanza kwenye mfereji ule liwe lake. Akaniuliza kwani mfereji una nini. Nikasema una mustakabali.

Akaenda kuutazama. Akarudi amekunja suruali, akasema kweli nimemfumbua macho, maji yale ni aibu tupu. Akimaliza kukata kila jioni atachimba shimo la kuyachuja, atie kokoto, mchanga na mkaa. Akanishika mkono akanishukuru. Nilikuwa sijawahi kumtega mtu akanishukuru.

Ijumaa, 6 Juni

Niliomba ruhusa kwa sababu ya jino. Nikaenda ofisi ya maji.

Afisa ni mtu wa shati lililopigwa pasi mpaka mfuko. Nikamwambia nimekuja kama raia mwema kuhusu ile kesi ya mto. Akauliza kesi ipi. Nikamkonyeza. Akauliza tena. Nikaona ni mtu wa siri sana, nikaanza mwanzo: rangi, mfereji, bata wa kijani. Akawa anaandika, na alipofika kwenye bata akaniomba nirudie.

Kisha akauliza mimi ni nani pale. Ningesema karani wa stoo, mlango wenye pazia? Nikasema mimi ndiye ninayeiendesha karakana, wengine ni majina tu. Akauliza kama basi maji yale yanatoka kwa idhini yangu. Nikasema pale hakuna tone linalotoka bila mimi. Hilo aliliandika kwa herufi kubwa. Nikampa namba yangu ya simu, nikamwambia ajisikie huru kunipigia kwa Kiingereza, huko hakunipi shida. Akasema nitawasikia. Nikatoka pale najiona mrefu.

Jino limeanza kuuma kweli.

Jumamosi, 7 Juni

Nusu siku. Watu wote walipokwenda kunywa chai niliingia ofisi ya msimamizi kukijaribu kiti. Lazima mtu azoee mapema. Nikakaa. Nikazunguka upande wa kulia, nikazunguka upande wa kushoto, nikajisukuma kidogo kwa mguu nione kinavyoteleza. Kinateleza. Sakafu ile ina mteremko ambao mtu aliyesimama hauoni. Nilipita mlangoni, nikapita kati ya mashine za kushona, nikawapita wenye chai, na ulipoishia mteremko lilikuwepo pipa la rangi ya bluu.

Nikawaambia nilikuwa nakagua magurudumu. Mkasi ndiye aliyekiopoa kiti, akakifuta, akalipaka mafuta gurudumu lililokuwa linalia. Mguu mmoja wa kiti umebaki na bluu isiyotoka. Kisigino changu vilevile.

Jumapili, 8 Juni

Shemeji amekuja kula kwetu. Amekula vizuri kwa mtu mwenye matatizo.

Baada ya chakula akaniambia kesho mgeni wake akifika, yeye atakuwa bado anamalizia mambo sehemu ya rangi. Kwa hiyo nimpokee mimi na kuanza kumwonyesha kesi, maana si nasema mwenyewe Kiingereza nakijua. Alilitamka neno hilo hivihivi, katikati ya maneno mengine, mbele ya watoto, bila aibu. Akaendelea kusema siku ikienda vizuri, kiti ni changu. Mdogo wake amemwomba sana, na hata Mkasi alipoulizwa alisema mimi nina macho ya kuona yasiyoonekana. Ila kesho nisimwangushe.

Nikamwelewa. Kiti kwa ajili ya ushahidi! Anataka kuninunua mezani kwangu, kwa chakula changu. Nikamjibu kwamba mgeni nitamwonyesha kila kitu, sitaficha. Akasema ndivyo anavyotaka. Mwanamke huyo jasiri.

Mke wangu alinishika mkono chini ya meza, jambo ambalo hajalifanya tangu tuhamie nyumba hii. Alikuwa na furaha hata akasahau kunisema kuhusu kisigino. Nikajisikia vibaya. Lakini mtu akishakuwa msafi hawezi kurudi nyuma, basi nikaaga natoka kunyoosha miguu, nikaenda mtoni na chupa. Kwenye kona maji yametuama, bado yana bluu ya Ijumaa. Nimeijaza chupa mpaka shingoni.

Jumatatu, 9 Juni

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwa mgeni.

Ni mama wa miwani, kwao ni mbali, ana mkoba mdogo na haraka ya kiasi. Akanisalimu kwa Kiingereza. Nikamjibu kwa yesi iliyonyooka. Akaniuliza kesi ziko wapi, nami nikaelewa sentensi nzima, jambo lisilonitokea mara nyingi. Nikamwashiria anifuate. Stoo yangu tukaiacha mkono wa kushoto, rafu zote zimejaa foronya mpaka darini. Nikampitisha mlango wa nyuma, kwenye majani, kwenye matope, mpaka ukingoni. Nikanyoosha mkono, nikamwambia: kesi.

Akautazama mto. Akanitazama mimi. Akasema kitu chenye pilo ndani yake, nyingi, na wapi. Yaani mito iko wapi. Nikamwinulia kidole kuonyesha ni mmoja tu. Akauliza kwa mshangao kama kweli ni mmoja. Nikasema yesi, ila ni mrefu sana, na nikapanua mikono mpaka ilipokomea. Kisha nikamkabidhi ile chupa. Akaishika kwa ncha za vidole.

Hapo Bosi akaja mbio, mikononi ana foronya nyeupe za vifungo. Mgeni alipoziona akasema aa, kesi, akazipokea, akapitisha kidole kwenye pindo, akacheka kwa furaha. Bosi hakucheka. Akaniuliza kwa ile sauti ya kazini namtafutia nini mnunuzi wake matopeni. Nikasema kesi ya mto. Akasema ndiyo, kesi ya mto, ya kuvalisha mto wa kulalia, nilidhani mto gani? Nikageuka kuutazama mto. Ulikuwa unapita tu, haukunisaidia kitu.

Akanieleza palepale, taratibu, jinsi anavyoelezwa mtoto. Kesi kwa Kiingereza ni kitu cha kutilia kitu. Miwani ina kesi yake, huyu mama anayo mkobani. Kalamu zina kesi yake. Nguo za safari zina kesi yake. Na mto unatiwa kwenye kesi yake, sisi tunaiita foronya, na amekuja kununua nyingi kuliko tulizowahi kushona. Halafu akasema neno hilohilo pia ni ile kesi ya kushtakiana, inategemea linasemwa wapi na nani. Lakini hapo sikuwa nasikiliza tena, maana getini nilikuwa nimeliona shati lililopigwa pasi.

Afisa wa maji alikuja na mwenzake wakaenda moja kwa moja kwenye mfereji. Mkasi alikuwa ndani ya shimo lake, kokoto upande huu, mkaa upande ule. Maji yaliyokuwa yanatoka chini yalikuwa karibu meupe. Afisa akachuchumaa, akayatazama, akauliza nani alitoa wazo hili. Mkasi akaninyooshea kidole, akasema ni yule pale, ndiye aliyenifumbua macho.

Nikaona mtego. Nikaruka. Nikasema silijui shimo hilo, sijaligusa, sijalitaja, ni la Mkasi peke yake tangu jembe la kwanza. Mkasi alinitazama kwa huruma, akadhani naona haya kusifiwa. Afisa akampa mkono. Bosi akamtafsiria mgeni, naye mgeni akashuka mwenyewe akampa Mkasi mkono na matope yake yote. Alisema anapenda kununua kwa watu wanaoutunza mto wao, na safari hii nilijua ni mto upi.

Kisha afisa akafungua makaratasi yake, akauliza ni nani kati yetu aliyekwenda ofisini akasema hakuna tone linalotoka bila yeye. Bosi alifuata macho ya watu mpaka yakamfikisha kwangu.

Jumanne, 10 Juni

Mkasi ameula. Tena kiti hakikalii, anasema kinampa kizunguzungu. Amekilundikia vitambaa. Kingekaliwa nisingeumia hivi.

Sikufukuzwa. Bosi alisema angenifukuza kama nisingekuwa wa mdogo wake. Stoo kapewa mwingine. Mimi nageuza foronya. Zinashonwa ndani kukiwa nje, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kutia mkono katika kila moja, akamate pembe, avute. Tangu asubuhi kesi, mpaka jioni kesi.

Mke wangu hakunigombeza. Alisema Jumapili kiti kilikuwa changu tayari. Kitu pekee nilichotakiwa kufanya ni kufungua pazia la stoo. Alisema amenipigania kwa dada yake mpaka akaonekana hana akili, na kwamba sasa akikutana naye hajui atazame wapi. Kisha akalala akageukia ukutani.

Niliona aibu, aibu hasa. Nilitaka kumwomba radhi. Maneno nilikuwa nayo mawili matatu, yote ya Kiswahili, na hayakutoka. Mwisho nikamuuliza kama shingo haimuumi, nikamsogezea mto wangu. Akauchukua. Nimelalia mkono.

Ijumaa, 13 Juni

Mambo yamegeuka!

Afisa wa maji amenipigia simu, kwa Kiingereza, kama nilivyomwelekeza. Nimemwelewa neno kwa neno. Kesi yangu ni Jumatatu asubuhi, ofisi kuu. Ni kesi kubwa. Nisichelewe. Akauliza kama nina mtu wa kusimama pamoja nami.

Wiki iliyopita ningetetemeka. Sasa nina elimu. Kesi ni kitu cha kutilia kitu. Basi kuna kitu, kimetiwa, ni changu, na ni kikubwa. Raia mwema huwa hasahauliwi. Tena kizito, maana wanataka nije na mwenzangu wa kubeba. Nikamjibu asante sana, naisubiri kesi yangu kwa hamu. Akasema si watu wengi wanaosema hivyo.

Nikamweleza mke wangu. Akaacha alichokuwa anafanya, akauliza kama nina hakika si kesi ile nyingine, ya kushtakiwa. Nikacheka mpaka jino likauma. Nikamfundisha taratibu, jinsi nilivyofundishwa: miwani, kalamu, nguo za safari, mto. Akakunja uso, akasema basi hata nimpigie dada yake nimuulize, mdomo ninao. Alikuwa karibu kulia, sijui kwa nini. Nikamwambia atulie, mimi si mtu wa kurudia kosa.

Mkasi nimemwomba aje tusaidiane kubeba. Amekubali hapohapo, mpole yule, ameuliza kama aje na toroli. Nikamwambia aje nalo. Bosi akituona tunarudi na mzigo ule, suala la kiti litajadiliwa upya.

Na kwa kuwa ofisi za watu huwezi kujua, pengine hiyo kesi yao ni ndogo au wataitaka irudi, nakwenda na ya kwangu. Nimechagua foronya pana kuliko zote karakanani, ya vifungo. Nimeipiga pasi, nimeikunja, ipo mlangoni karibu na viatu vyangu. Haki yangu itaingia humo yote. Jasti in kesi, kama asemavyo Bosi.